UZI: Bunduki za magendo zinazotutesa Maziwa Makuu hazizaliwi porini, zinatoka kwenye makaratasi na maghala

MhaWaKasulu

Wakuu habari za majukumu.

Hii mada nimekaa nayo muda mrefu, leo acha niishushe. Kila baada ya kipindi tunaona kwenye taarifa ya habari kamanda kasimama nyuma ya meza, mezani kuna SMG mbili tatu, magobole, risasi zimepangwa kwenye kitambaa, waandishi wanapiga picha, tunaambiwa watuhumiwa wamekamatwa wakitokea nchi jirani, basi taarifa imeisha tunahamia michezo. Swali ambalo silisikii ni hili: hiyo SMG ilitengenezwa kiwanda gani, nani aliinunua kihalali mara ya kwanza, na ilimtokaje mkononi?

Maana gobole sawa, fundi wa kijijini anaweza kulichonga kwa bomba la chuma. Lakini AK, ndiyo hiyo tunayoiita SMG, hakuna fundi wa Kibondo anayeitengeneza. Imetoka kiwandani ikiwa na namba ubavuni, ikauzwa na kampuni yenye leseni kwa serikali fulani, kuna karatasi iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Kwahiyo karibu kila bunduki ya kijeshi unayoisikia iko mikononi mwa majambazi ilianza maisha yake ikiwa halali kabisa. Kuna siku na kuna mahali ilivuka kutoka uhalali kwenda magendo, na mimi naamini hapo ndipo juhudi zote za kimataifa zilitakiwa zilale na kuamka, badala ya kukimbizana na mchunga ng'ombe aliyeshika bunduki ya mkono wa kumi.

Sisi tuliokulia Kigoma tunajua hii kitu kwa miili yetu. Kuna miaka basi la kwenda Kahama au Mwanza lilikuwa linasimama kwenye kizuizi mpaka mengine yafike, yapangwe msafara, apande askari na silaha ndio mnaingia kwenye yale mapori. Watu wameporwa, wamevuliwa nguo, wengine hawakurudi. Burundi na Congo kulikuwa kunawaka na kila kundi lililoshindwa vita liliacha bunduki nyuma, bunduki hiyo inauzwa kwa bei ya njaa.

Sasa niwape kisa kimoja kilichothibitishwa na tume ya Umoja wa Mataifa, maana hiki kikielezwa vizuri mtu anaelewa magendo ya silaha yanavyofanya kazi.

Mwaka 1993 Shelisheli ilikamata meli iliyokuwa na shehena ya silaha inaelekea Somalia, na Somalia ilikuwa tayari imewekewa vikwazo vya silaha tangu Januari 1992. Serikali ya Shelisheli ikazishusha ikaziweka ghalani. Mpaka hapo sheria imefanya kazi. Mwaka uliofuata Rwanda mauaji ya kimbari yakaanza, tarehe 17 Mei 1994 Baraza la Usalama likapitisha azimio 918 kuizuia Rwanda isipate silaha. Mwezi Juni, yaani azimio halijamaliza hata siku arobaini, akatua Shelisheli Kanali Théoneste Bagosora, kigogo wa wizara ya ulinzi ya Rwanda, akiwa na dalali kutoka Afrika Kusini. Mkononi ana hati ya mtumiaji wa mwisho, ile karatasi ambayo nchi inayonunua silaha inamhakikishia muuzaji kwamba mzigo ni wa kwetu na hatutaupeleka kwingine. Hati inasema mnunuzi ni Zaire, yaani Congo ya leo. Malipo yakapitia benki Ulaya na Marekani, ndege zikaja zikabeba AK, maguruneti na risasi, tani zipatazo 80 kwa safari mbili, zikatua Goma. Na Goma na Gisenyi ya Rwanda mnajua zilivyo, ni mji mmoja uliokatwa na mpaka.

Angalieni sasa. Hakuna porini hapo. Hakuna punda wala mtumbwi wa usiku. Ni uwanja wa ndege, benki, ofisi ya serikali na muhuri. Silaha zilezile zilizokamatwa zisiende kuua Wasomali zikapewa njia ya kwenda kwa wauaji wa Rwanda, na kilichozipitisha ni karatasi moja ambayo hakuna aliyenyanyua simu kuihakiki ipasavyo. Bagosora alikuja kuhukumiwa pale Arusha kwa mauaji ya kimbari, kifungo cha maisha mwaka 2008, rufaa ikashusha hadi miaka 35, akafia Mali mwaka 2021 akiwa bado mfungwa. Lakini ule mlango wa karatasi aliopita haukufungwa siku hiyo.

Nimeandika kwa kirefu ili tujadili kwa hoja. Naomba kuwasilisha.

Kipanga wa Ubungo

Mkuu uzi mzito, umenifumbua kwenye hilo la Shelisheli sikuwa nalijua kabisa. Ila niulize bila kupepesa, hii mikataba ya kimataifa inasaidia nini? Wanaotengeneza silaha ndio haohao wenye kura ya turufu Baraza la Usalama. Marekani, Urusi, China, Ufaransa, Uingereza, wote wanauza. Halafu wanakuja kutufundisha sisi kuchoma bunduki viwanjani. Mi naona ni kiini macho, wanazuia wanyonge wasiwe na silaha wakati wao biashara inaendelea.

MhaWaKasulu

Kipanga nakuelewa na hasira yako ni halali. Ila tutenganishe mambo, kwa sababu ukisema yote ni kiini macho unamuachia hata aliyetakiwa kubanwa aende zake.

Kuna ngazi tofauti. Kuna mpango wa utekelezaji wa Umoja wa Mataifa wa Julai 2001, huu nchi zote ziliukubali lakini sio sheria, ni ahadi ya kisiasa, hakuna wa kukushtaki ukiupuuza. Mwaka huohuo ikapitishwa itifaki ya silaha za moto chini ya mkataba wa uhalifu wa kupangwa wa kuvuka mipaka, hii sasa inabana nchi zilizoridhia, inataka utengenezaji na usafirishaji haramu uwe kosa la jinai na bunduki ziwekwe alama. Mwaka 2005 ukaja utaratibu wa kufuatilia silaha, unaotaka kumbukumbu za kiwandani zitunzwe angalau miaka 30 na nyingine miaka 20. Halafu ndio ukaja ule mkubwa, Mkataba wa Biashara ya Silaha, umepitishwa 2 Aprili 2013 kwa kura 154, waliokataa ni watatu tu, Iran, Korea Kaskazini na Syria, 23 wakajizuia. Ukaanza kufanya kazi 24 Desemba 2014.

Na kwenye hao wakubwa hawako sawa mkuu. Uingereza na Ufaransa wamo. China ilijiunga 2020. Urusi haikusaini. Marekani ilisaini 2013 halafu Aprili 2019 Trump akatangaza kwenye mkutano wa chama cha wamiliki wa bunduki kwamba anaiondoa saini. Kwahiyo kweli kabisa, mkataba una mashimo makubwa. Lakini kitu kimoja umefanya ambacho zamani hakikuwepo: unamlazimisha muuzaji ajiulize kabla ya kuuza. Akijua silaha zitatumika kwa mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita haruhusiwi kutoa kibali, na anatakiwa kupima hatari ya mzigo kuchepushwa njiani. Lile swali ambalo Shelisheli 1994 hakuna aliyeliuliza sasa limeandikwa kwenye sheria. Polisi wa kuusimamia hakuna, ni ripoti za kila mwaka na baadhi ya nchi siku hizi zinaficha ripoti zao. Hilo linaniuma sana.

Ekaale

Salamu kutoka Lodwar. Nimesoma hii uzi yote na wacha niongeze upande wa huku kwetu, juu watu wa Dar na Nairobi wakisikia Turkana na Pokot wanafikiria tunazaliwa na bunduki mkononi.

Mwaka 2008 kulitoka ripoti ya watafiti wa Small Arms Survey, walikuja Turkana Kaskazini wakaokota maganda ya risasi wakasoma zile alama ziko chini ya ganda. Wakapata karibu nusu ya risasi zilizokuwa zinazunguka kiharamu huko zimetoka kwa polisi, na nyingi zilikuwa zimetengenezwa hapahapa Kenya, kiwanda cha Eldoret. Maelezo yenyewe ni kwamba wenye mamlaka walikuwa wanapeana risasi kwa wafugaji ili wajilinde na Watoposa kutoka upande wa Sudan, juu polisi wenyewe ni wachache na mpaka ni mrefu. Ukiwa mzazi na mifugo yako inaibwa kila mwezi utakataa hizo risasi? Hutakataa. Lakini risasi haina ukabila, ikishatoka inaenda kwa soko, na kesho inarudi ikiwa ndani ya bunduki ya mwizi.

Halafu serikali ikikasirika inakuja na oparesheni ya kupokonya bunduki. Wanapokonya upande mmoja, upande wa pili wa kilima haujaguswa, wiki hiyohiyo waliopokonywa wanavamiwa. Waulizeni Wakaramojong huko Uganda. Wao walipata bunduki nyingi 1979 Amin alipoanguka, kambi ya jeshi ya Moroto ikaachwa wazi wakaifungua wenyewe wakabeba. Kumbe hata hapo chanzo ni ghala ya serikali! Kampeni ya kuzirudisha ikaanza mwisho wa 2001 kwa hiari, baadaye ikawa ya nguvu, na watu wengi waliumia katikati.

Kwa hivyo mimi naunga mkono mwenye uzi asilimia mia. Mnapoongea bunduki ongeeni risasi pia. Bunduki inakaa miaka hamsini, ukiipaka mafuta inalia tu. Risasi ndio inaisha, na kila mara ikiisha lazima mtu aende kuitafuta mahali.

Mama Neema

Jamani Ekaale umenitoa machozi, poleni sana ndugu zetu.

Mimi si mtaalamu, nina swali. Hizo bunduki zinazochomwa hadharani zinasaidia? Nakumbuka Kenya Ruto, wakati ule akiwa Naibu Rais, alichoma lundo kubwa. Na je bunduki ikishakamatwa wanajuaje ilikotoka, au wanakisia tu?

Mzee wa Ghala

Binti yangu Mama Neema nikujibu mimi, nimestaafu, kazi yangu miaka yote ilikuwa kutunza silaha.

Uliyoisema ni Novemba 2016, walichoma bunduki 5,250 pale Ngong. Kuchoma kunasaidia kwa jambo moja kubwa, iliyochomwa hairudi. Usidharau hilo, maana silaha iliyokamatwa ikawekwa kwenye stoo ya vielelezo isiyo na kufuli la maana ni silaha inayosubiri kuibiwa mara ya pili. Lakini kabla ya kuchoma lazima namba zake ziandikwe zote, la sivyo mmechoma na ushahidi.

Kuhusu kufuatilia: kila bunduki ya kiwandani ina namba yake, jina au alama ya aliyeitengeneza, na nchi. Mpelelezi anachukua hizo, anaiandikia nchi ya kiwanda kuuliza mlimuuzia nani, anajibiwa tuliuzia jeshi la nchi fulani mwaka fulani, anaiandikia na hiyo nayo. Interpol wana mfumo wa kompyuta wa silaha zilizopotea na kuibiwa, unaitwa iARMS, nchi ikiingiza namba inaweza kupata jibu kama kuna mahali zimeripotiwa. Ugumu unaanzia hapa: nchi ya pili haijibu. Au inajibu baada ya mwaka. Au daftari lilishaliwa na mchwa. Au namba ilishasagwa kwa tupa.

Ndio maana nchi zetu zilikaa Nairobi, zikatoa tamko Machi 2000, halafu 21 Aprili 2004 nchi kumi na moja zikasaini Itifaki ya Nairobi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo zote zimo. Mwaka uliofuata ikaundwa taasisi ya kikanda, RECSA, makao yake Nairobi, kusimamia utekelezaji. Hii ni sheria, sio ahadi. Inakataza raia kumiliki bunduki za kijeshi, inataka madalali wa silaha wasajiliwe, na inataka silaha za serikali zenyewe zigongwe alama. RECSA waligawa mashine za kugonga alama, ile sindano inachora kwenye chuma kwa nukta nukta, inaandika nchi na taasisi inayomiliki. Ikiokotwa bunduki ya polisi wa nchi fulani kwa jambazi huna haja ya kuandika barua Ulaya, unasoma tu.

Na hapa niseme ukweli wangu. Ile mashine ni rahisi kuliko nidhamu. Mashine utaletewa na mfadhili. Kuhesabu silaha kila zamu, askari anayechukua asaini, anayerudisha ahesabiwe risasi moja moja, aliyepungukiwa aeleze usiku huohuo, hayo hakuna mfadhili atakuletea. Nimeona ghala ambalo hesabu ya daftari na hesabu ya rafu zimetofautiana na mkubwa akasema rekebisheni daftari. Siku hiyo ndiyo bunduki inavuka.

Kipanga wa Ubungo

"Rekebisheni daftari" dah. Mzee heshima kwako, nimenyamaza.

Byamungu

Jambo ba ndugu. Miye niko ku Goma, Kiswahili yangu ni ya huku munisamehe.

Mulisema juu ya masilaha kutoka mu maghala, miye niliona na macho yangu. Mwezi wa kwanza 2025 wakati baasi ba M23 baliingia mu muji, basoda ba serikali na ba Wazalendo, vikundi bya silaha byenye kusaidia serikali, balikimbia, balitupa masilaha mu barabara, mu mifereji, mu nyumba za batu. Batoto balikuwa banaokota. Kisha hapo busiku ilikuwa mbaya sana, bezi banaingia mu nyumba na silaha na hatujuwe ni nani. Hiyo silaha haikupita ku mpaka yoyote, haikuuzwa na dalali yoyote, ilibakia tu.

Na huku embargo, vikwazo ya masilaha, iko tangu 2003. Kila mwaka ba experts ba ONU (Umoja wa Mataifa) banaandika rapport, banataja mataifa, banataja ndege na barabara, rapport inasomwa New York. Siye tunazika batu. Miye sisemi baache kuandika, hapana, hizo rapport njo ushahidi tuko nayo peke. Lakini nani anaadhibiwa?

MhaWaKasulu

Byamungu pole sana kaka, na Kiswahili chako kimeeleweka vizuri mno, hakuna cha kusamehe.

Swali lako la nani anaadhibiwa ndilo linanikosesha usingizi. Mchukulie Viktor Bout, yule Mrusi mwenye ndege. Ripoti za Umoja wa Mataifa zilimtaja miaka na miaka kwamba ndege zake zinapeleka silaha Angola, Liberia, Sierra Leone. Alikuja kukamatwa Bangkok 2008 kwa mtego wa Wamarekani, watu wao wakijifanya ni waasi wa Colombia, akahukumiwa New York miaka 25 mwaka 2012, na Desemba 2022 akabadilishwa na mcheza kikapu wa Marekani aliyefungwa Urusi, Brittney Griner, akarudi kwao. Kesi iliyomfunga haikuhusu Afrika. Maiti zetu hazikuwa hata shahidi mahakamani.

Kwahiyo naposema tubane karatasi na maghala sisemi kwamba mikataba iliyopo inatosha. Nasema ndio sehemu pekee ambapo kuna jina la mtu, saini na tarehe. Porini huwezi kumpata aliyeuza, ila kwenye hati ya mtumiaji wa mwisho yupo, na kwenye daftari la ghala yupo. Nchi inayouza ikiwajibika kutuma mtu kuhakikisha kwa macho kwamba mzigo umefika kwa aliyeagiza, dalali wa aina ile anakosa kazi.

Na Ekaale hoja yako ya risasi ni ya msingi kuliko hata nilivyoandika mwanzo. Ule mpango wa 2001 kwa miaka mingi risasi zilikuwa zinakwepwa, kuna nchi zilikuwa hazitaki kabisa zitajwe. Mkataba wa 2013 umezigusa upande wa kuuza nje tu. Mwaka 2023 ndio nchi zikakubaliana mwongozo wa kutunza risasi tangu zinapotengenezwa mpaka zinapoharibiwa, na wenyewe ni wa hiari. Kwa mtu anayelala Turkana au Goma huo ni mwendo wa kinyonga.

Ekaale

Na hapo kwa 2013 kuna kitu mimi hunisumbua. Kenya ilikuwa kati ya nchi saba zilizopeleka wazo la huo mkataba Umoja wa Mataifa 2006, tulikuwa mstari wa mbele tukisifiwa. Wakati wa kusaini ulipofika hatukusaini. Watu wangu wanakufa na nchi yangu ilibeba hoja ikaiwacha mlangoni.

Mama Neema

Na sisi Tanzania? Tupo au hatupo? Maana nasikia kila mwaka mwezi wa tisa kuna msamaha wa kurudisha silaha.

MhaWaKasulu

Msamaha upo dada, Umoja wa Afrika mwaka 2017 uliutenga Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari barani kote, unapeleka polisi au kwa mtendaji bila kuulizwa umeitoa wapi. Mimi nauunga mkono na nimewahi kumshawishi mzee mmoja kijijini apeleke gobole la marehemu baba yake lililokaa darini, alikuwa anaogopa kufungwa. Kama kuna mtu anasoma hapa na nyumbani kuna chuma cha urithi, peleka.

Kwenye mkataba, Tanzania tulisaini tarehe 3 Juni 2013, siku ileile ya kwanza ulipofunguliwa. Kusaini ni hatua moja, kuridhia ni Bunge, na hapo ndipo tuliposimama. Nchi zaidi ya 110 zimeshamaliza. Ndani tuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, kwahiyo hatuanzii sifuri. Mimi mbunge wetu nimeshamwandikia kumuuliza azimio la kuridhia limekwama wizara gani. Nyie wa majimbo mengine muulizeni wenu, mkijibiwa wekeni majibu humuhumu kwenye uzi.

Mzee wa Ghala

Mkimuuliza mbunge ongezeni na hili: ni lini mara ya mwisho silaha za serikali mkoani kwenu zilihesabiwa na mtu asiyekuwa wa kituo hicho, na ngapi hazikuonekana.

Kipanga wa Ubungo

Nimelinakili hilo swali neno kwa neno mzee. Jumamosi kuna mkutano wa mbunge huku kwetu, nitasimama niulize.